Maziko ya Mkanda Namba Arobaini

Mimi ni karani wa kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Kazi za Juu. Nimeandika kumbukumbu kwa miaka kumi na tisa bila kufutiwa hata sentensi moja. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba sina kinyongo na mtu, sina maslahi na chama chochote, na nitakayoyaeleza nimeyaeleza kama yalivyotokea, kwa adabu zote na utii wote.

Nchi yetu sitaitaja jina. Wenyewe tunaijua, na wageni hawataiamini. Ni nchi inayopenda majengo marefu. Inasemekana Mtukufu Kiongozi alikuwa kwenye ndege, kiti cha dirishani, akatazama chini akahuzunika kuona nchi yake imelala chali. Aliposhuka tu, kabla hata ya kupokea maua, alitamka pale pale uwanjani kwamba kuanzia siku ile nchi isimame. Basi kila mji wenye soko na kituo cha polisi ukapewa mnara. Tukapata Mnara wa Umoja, Mnara wa Subira, Mnara wa Takwimu, na mmoja ambao mpaka leo hauna jina kwa sababu kamati ya majina haijatimiza akidi.

Sasa, mnara haujijengi. Wapo watu wanaofunga majukwaa ya mabomba na mbao, wakasimama juu yake kupiga lipu, kupaka rangi na kutia vioo. Na baadhi yao, niseme ukweli, walikuwa wakianguka. Mwaka wa Mnara wa Takwimu walianguka kumi na saba. Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Eustaki Lugongo, aliumia sana moyoni, hasa pale gazeti moja lilipowahesabu.

"Itifaki imezingatiwa," alisema akifungua semina elekezi ya siku tatu hotelini. "Serikali hii sikivu haiwezi kukaa kimya ikiona wananchi wake wanashuka kwa njia zisizo rasmi. Hapana! Tutachukua hatua, na hatua hizo zitakuwa stahiki, madhubuti na za makusudi."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Tume ikaundwa, ikafanya uchunguzi miezi minane, na mwishowe ikagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitambua: marehemu wote kumi na saba walikutwa chini. Hakuna hata mmoja aliyekutwa amekufa juu. Kwa hiyo juu ni salama kabisa, tume iliandika, na tatizo lote liko chini. Vifo vile vikahamishwa kwa barua yenye mhuri kwenda Wizara ya Mambo ya Chini, na vifo vya kazi za juu vikawa sifuri. Tulipewa ngao. Waziri aliipokea akiwa amevaa kofia ngumu ya njano iliyoandikwa jina lake kwa mbele na vyeo vyake kuzunguka hadi nyuma.

Waziri wa Mambo ya Chini, Mheshimiwa Bi Pelagia Nsungwe, hakufurahi hata kidogo. Mama yule alikuwa na rekodi nzuri ya watu wanaojikwaa, na sasa kapewa mizigo ya wenzake. Akajibu kwa kuizungushia minara yote mabango mekundu: NI MARUFUKU KUANGUKIA HAPA. KWA AMRI. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba anayetoka juu kwa njia nyingine isipokuwa ngazi sharti awe na barua ya utambulisho.

*

Msomaji asije akadhani hatukuwa na vifaa. Tulikuwa navyo. Kabla hata ya Mnara wa Takwimu, nchi rafiki ilituletea mikanda arobaini ya usalama, ile inayopita mabegani, kiunoni na mapajani, ikiwa na kamba nene mgongoni na ndoano ya chuma mwishoni. Unaitundika ndoano penye nguzo imara, na ukiteleza mkanda unakukamata. Ilikuwa mizuri ajabu, rangi ya machungwa, kila mmoja na namba yake, ndani ya nailoni yake. Tuliipokea kwa ngoma.

Likaja swali la wapi ikae, na hapo ndipo malezi yetu yalipojionyesha. Kila mtu kwao kuna kabati la vioo sebuleni, na ndani yake mna vikombe ambavyo baba mwenye nyumba hajawahi kuvinywea. Sembuse mkanda wa ng'ambo! Utampaje mtu mwenye saruji mikononi? Seremala akachonga kabati la vioo. Zikatiwa kufuli tatu. Katibu Muhtasi wa Waziri akafuma kitambaa cheupe cha kutandika juu yake, chenye maneno USALAMA KWANZA na maua pembeni. Funguo wakapewa wakurugenzi watatu, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Mmoja akaenda masomoni ng'ambo na ufunguo wake. Bado anasoma.

Kila Siku ya Usalama Kitaifa kabati lilibebwa na wanaume sita, likapitishwa mbele ya Mtukufu, likapigiwa saluti.

Mafundi nao hawakusahauliwa, walipewa fomu. Chande Mkongea, fundi lipu, alijaza fomu ya kuomba mkanda mara tatu. Ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa alitumia wino wa bluu. Ya pili ilirudishwa kwa kuwa hakuambatisha uthibitisho kwamba amewahi kuanguka. Ya tatu ilikubaliwa, isipokuwa barua ya kukubaliwa ilifika wiki moja baada yake yeye mwenyewe kufika chini. Alikuwa wa kumi na moja katika wale kumi na saba. Barua ile niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu ambao watu huusifia, na nilitia "Ndugu" mbele ya jina lake. Sijui kwa nini hilo la "Ndugu" linanikaa rohoni mpaka leo.

Aliacha mjane, Sikudhani, na watoto watatu. Sikudhani ni fundi rangi. Eda ilipokwisha alirudi kazini kwa shemeji yake, Mbaruku Mkongea, mdogo wa marehemu na msimamizi wa mafundi, maana pengine pa kwenda hakuwa napo. Alikuwa mama mwembamba, si msemaji, na akiwa juu ya jukwaa hakuwa akitazama chini kabisa.

*

Mnara uliofuata ulikuwa Mnara wa Uwajibikaji, ghorofa kumi na tano, na uzinduzi wake ulikuwa umekaribia. Ili kuupendezesha, kabati la mikanda lililetwa likawekwa ukumbi wa mapokezi, karibu na chungu cha maua ya plastiki. Mafundi walilipita kila asubuhi wakienda juu. Nadhani wengine wetu wizarani tungelipita hivyo hivyo mpaka tustaafu. Lakini fundi ana macho mengine. Sikudhani aliona kwamba mbele kuna vioo na kufuli tatu, na nyuma kuna plaiwudi na skrubu nane.

Asubuhi moja alikuja mapema na bisibisi. Akautoa mkanda namba arobaini, akajaza magazeti ya zamani katika nailoni yake ili idadi isipungue kwa macho, akarudisha skrubu zote nane. Mkanda akauvaa ndani ya ovaroli ya marehemu mumewe, ambayo ilikuwa pana vya kutosha. Mbaruku alimwona juu, akiitundika ndoano kwenye nguzo ya zege ya ghorofa ya kumi na nne. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Shemeji! Umeutoa wapi huo?"

"Kabatini."

"Si kuna kufuli tatu?"

"Kwa mbele."

"Wakikuona watakufunga, shemeji."

"Wanifunge. Jela yenyewe haina ghorofa." Akachovya brashi. "Shika hiki kijitabu, kilikuwa humo kwenye nailoni. Kisome, wewe ndiye msimamizi."

Mbaruku alikisoma usiku na mchana, huku akiona haya, kwa sababu mkanda alikuwa nao mtu mmoja tu kati ya mafundi arobaini na mmoja.

Siku tatu kabla ya uzinduzi, mpiga picha wa Ikulu alikuja kujaribu kamera yake, akalalamika kwamba yale mabomba ya pembeni ya majukwaa, yanayomfika mtu kiunoni, yanaharibu mandhari. Yakatolewa amri yaondolewe. Mbaruku akaomba kumwona Waziri, na kwa bahati njema akakubaliwa akiwa amesimama.

"Mheshimiwa, yale mabomba ndiyo yanayomzuia mtu asitoke nje ya ubao."

"Kijana," alisema Waziri, naye Mbaruku ana miaka hamsini, "yale mabomba yanamwonyesha mgeni kwamba tunatarajia mtu aanguke. Huko ni kukosa imani na serikali yako. Wewe unatarajia mtu aanguke?"

"Mimi namtarajia kila siku, Mheshimiwa. Ndiyo kazi yangu."

Mabomba yaliondolewa jioni ile ile. Mpiga picha alipiga picha nzuri sana.

*

Siku ya mazoezi ya uzinduzi, Alhamisi, mawaziri wote wawili walikuwepo na wataalamu wao, chini ya hema jeupe. Saa nne na dakika tano asubuhi Sikudhani alirudi nyuma hatua moja kuangalia kama rangi imelingana, na pale aliporudi hapakuwa na ubao wala bomba. Tulisikia kelele za mafundi. Alishuka kama urefu wa mlango, kamba ikakaza, mkanda ukamkamata, akabaki akining'inia nje ya ghorofa ya kumi na tatu, ovaroli imefunguka na rangi ya machungwa inaonekana mpaka barabarani. Ndoo ya rangi ndiyo iliyofika chini.

"Amefika?" Waziri aliuliza.

"Hajafika, Mheshimiwa," alijibu Katibu Mkuu.

"Kwa hiyo yuko juu?"

"Juu ametoka, Mheshimiwa."

"Sasa yuko wapi?"

Serikali yetu ina wizara ya juu na wizara ya chini, na katikati hatukuwahi kupafikiria. Kisha Katibu Mkuu akamnong'oneza Waziri sikioni, nami nilikuwa karibu nikasikia: mtu huyu akifia pale alipo, atakuwa amefia juu. Waziri akashika kifua.

"Sifuri yetu!" alisema.

Mbaruku alikuwa ameshuka ngazi mbiombio mpaka hemani. "Mheshimiwa, nipe ruhusa nipande na watu wanne tumvute. Mtu akining'inia kwenye mkanda hana muda. Damu inakaa miguuni haipandi. Inaweza kuwa robo saa tu, anazimia, na akishazimia pale tumempoteza."

"Wewe umesomea udaktari wapi?"

"Imeandikwa kwenye kijitabu cha mkanda, Mheshimiwa. Ukurasa wa saba."

"Umesikia mwenyewe. Hilo ni jambo la kitaalamu," alisema Waziri. "Linahitaji kikao."

Nikafungua daftari. Saa nne na dakika tisa kikao kilifunguliwa kwa sala. Wajumbe wakajitambulisha, na walikuwa ishirini na wawili. Kila mmoja alitaja jina, cheo, mahali anapotoka na furaha yake ya kuwa pamoja nasi. Mkurugenzi wa Mipango alijitambulisha mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Saa nne na dakika kumi na sita tukapitia kumbukumbu za kikao kilichopita, na tulipofika pale paliposema "vifo: sifuri" wajumbe walipiga meza.

Huko nje Mbaruku alikuwa ameweka mikono mdomoni anapiga kelele: "Piga baiskeli, shemeji! Usiache miguu ilale! Piga baiskeli!"

Na Sikudhani, juu kule, akawa anakanyaga hewa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, taratibu. Mkurugenzi wa Itifaki aliuliza kama hilo limo kwenye ratiba ya uzinduzi, akasema ni ubunifu mzuri.

Ajenda ya kwanza ilikuwa namna ya kumshughulikia mfanyakazi aliye katikati. Katibu Mkuu aliomba kusema. Yeye ni mtu mpole, hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa moyo wa kizalendo naona njia fupi ni kumwezesha mfanyakazi huyu kukamilisha safari yake. Kamba ni moja. Kisu kipo."

Nilisubiri mtu acheke. Niliona kila mjumbe anatazama makaratasi yake. Waziri alisema, "Ni wazo," akanigeukia. "Karani, andika kwamba ni wazo."

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika na nukta nikaweka.

Aliyemwokoa Sikudhani kwa dakika zile, nasema bila kutia chumvi, ni Bi Pelagia Nsungwe. Alisimama, akapiga kiganja mezani. "Chini hatumpokei! Nimechoka kuwa jalala la wizara yako, Dakta. Hana barua, hana utambulisho, hatui. Mmeng'oa mabomba nyinyi, mfe naye nyinyi!"

Wakabishana kwa vifungu vya sheria. Saa nne na dakika ishirini na moja ikaletwa chai. Nikatazama juu. Miguu ya yule mama ilikuwa imepungua mwendo. Kulia. Halafu muda ukapita. Halafu kushoto.

Mbaruku alikuwa pembeni ya hema, amevua kofia mkononi, akisubiri ruhusa. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kalamu. Kisha akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Mafundi wanne wakamfuata. Mlangoni pa ngazi palikuwa pamefungwa utepe mwekundu wa uzinduzi, ambao ni Mtukufu peke yake angeukata, na askari mwenye bunduki akiulinda. Tangu asubuhi hakuna aliyethubutu kupita pale, hata waliokwenda juu walizunguka kwa ngazi ya nyuma, ndefu. Mbaruku aliinama, akapita chini ya utepe. Wanne wakainama, wakapita. Askari aliutazama utepe wake, akaona haujakatwa, akawaacha.

Hapo niliacha kuandika, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Nilikuwa naomba Mungu waziwazi, midomo inacheza. Nikahesabu ghorofa kwa macho, nikiwawazia wale wanaume kwenye ngazi, ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Mguu wa kulia wa Sikudhani ulikuwa umesimama kabisa. Ndipo mikono ikatokeza ghorofa ya kumi na nne, mingi, imejaa saruji, ikaishika kamba. Akapanda kidogo. Akapanda tena. Akashikwa kwapani, akaingia ndani kama gunia, na kelele za mafundi zikasikika mpaka sokoni.

Saa nne na dakika ishirini na nane. Nililia, nikasingizia vumbi.

Kikao kiliendelea mpaka saa saba. Kiliazimia iundwe kamati ndogo ya kupendekeza muundo wa Wizara ya Katikati.

*

Sikudhani alilala hospitali siku mbili, miguu ikaja kuwa yake tena. Wizarani palikuwa hapakaliki. Kumshtaki kwa wizi kungemaanisha kufuli zetu tatu hazifai, na kumsifu kungemaanisha mkanda unafaa, na watu wangeuliza ule muda wote ulikuwa unafanya nini kabatini. Wakakichukua kijitabu kwa Mbaruku, wakakisoma, na ukurasa wa tisa wakakuta wokovu wao. Paliandikwa: "Mkanda uliokwisha kuzuia anguko usitumike tena. Uondolewe kazini moja kwa moja."

Waziri alisoma mara tatu, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kumbe aliyefariki juu yupo! Mkanda Namba Arobaini, mali ya serikali, umepoteza maisha ukiwa kazini, ghorofa ya kumi na tatu. Sifuri imevunjika, lakini imevunjwa na shujaa asiye na mjane wala gazeti la kumsemea. Mtukufu akatangaza maziko ya kitaifa siku ya Jumamosi. Bendera zikapepea nusu mlingoti na redio ikapiga muziki wa huzuni. Wale kumi na saba, nakumbuka, redio ilikuwa na mpira siku zao zote.

Kuhusu Sikudhani, ilitolewa barua. Uzinduzi umesogezwa kwa sababu ya msiba, kwa hiyo arudi Jumatatu saa moja asubuhi kumalizia ghorofa ya kumi na tatu. Arudi bila mkanda, kwa kuwa mkanda wake ni marehemu, na mabomba ya pembeni yasirudishwe, kwa kuwa mpiga picha bado yupo. Asipofika, nafasi yake itangazwe. Barua ile pia niliandika mimi. Mwandiko ukawa mbaya, na sikuirudia upya.

Itifaki ilitaka ndugu wa marehemu wakae mstari wa mbele, yaani ile mikanda thelathini na tisa iliyobaki. Ufunguo ukiwa ng'ambo, Katibu Mkuu alikata tamaa, mpaka alipoitwa Mbaruku. Alizunguka nyuma ya kabati na bisibisi, akatumia dakika nne.

"Kwa nini hamkusema siku zote hizi?" Katibu Mkuu alimuuliza.

"Siku zote hizi mlituletea fomu, mzee."

Basi Jumamosi, mbele ya Mnara wa Uwajibikaji, kulikuwa na jeneza dogo la mninga, viti thelathini na tisa vya wafiwa, na juu ya kila kiti mkanda ndani ya nailoni yake, umefungwa kitambaa cheusi. Nyuma yao walikaa mawaziri. Nyuma kabisa walisimama mafundi wote arobaini na mmoja, maana walilazimishwa.

"Marehemu," alisema Waziri, akifuta miwani, "alikuwa mfano wa kuigwa. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kugoma. Alikaa kabatini miaka mitano bila kunung'unika, akitii mamlaka iliyomweka. Nawauliza ninyi mafundi, nani kati yenu anaweza kukaa kimya miaka mitano?"

Mshereheshaji akasoma ratiba: kama yupo aliyemfahamu marehemu kwa karibu, aseme machache. Wizarani tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi hata kumgusa.

Sikudhani akatoka nyuma akichechemea, akafika mbele, akashika kipaza sauti kama mtu anayeogopa kitamwagika.

"Mimi nilikuwa naye dakika ishirini na tatu," alisema. "Alinishika, hakuniuliza fomu. Hakuniuliza wino. Sina zaidi la kusema juu yake." Tukadhani amemaliza. "Mume wangu Chande aliomba wakutane mara tatu. Alikuwa mtu mzito kidogo, lakini najua angemshika. Jumatatu narudi pale pale. Nina watoto watatu, nawaambia ninyi wakubwa mliokaa hapo: mimi sitaki kufa. Ni hilo tu."

Nailoni zikasikika zikipepewa na upepo. Waziri akaruka kwenye kipaza sauti akaamuru uimbwe wimbo wa taifa, beti zote.

Wimbo wetu una beti tisa. Sheria inasema ukipigwa kila mtu asimame wima, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, na atakayetikisika ni miezi sita jela. Bendi ikaanza. Nasi tukasimama.

Katikati ya ubeti wa pili nikasikia nailoni inachanika. Sikugeuza shingo, lakini macho nayo yana pembeni. Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya kiti cha kwanza, anapitisha mguu kwenye mkanda namba moja. Kulia, kushoto. Akavuta mabegani, akafunga kifuani. Mbaruku akachukua namba mbili. Kisha wakaja wengine, kimya kimya, kwa mstari kama watu wanaokwenda kunawa mikono. Mkuu wa askari aliona kila kitu na jasho likamtiririka, lakini alikuwa wima, na kumwonyesha mtu kidole ni kutikisika. Waziri alikuwa anaimba kwa meno. Katika ubeti wa sita mafundi thelathini na tisa walielekea mnarani, wakainama mmoja mmoja, wakapita chini ya utepe. Ubeti wa nane ulipoanza, tuliwaona juu, ndoano zimetundikwa, wanarudisha mabomba ya pembeni.

Bendi iliponyamaza Waziri alinigeukia amevimba. "Karani! Umewaona? Umeandika majina?"

"Mheshimiwa," nilisema, "mimi nilikuwa nimesimama wima."

Mstari wa mbele ulikuwa umebaki nailoni na vitambaa vyeusi. Lakini viti viwili havikuwa vitupu. Fundi vioo mmoja mfupi na mama mmoja mbeba zege walikuwa wamekaa juu yake, wamekunja mikono, wanatazama wenzao juu. Waziri akawasimamia.

"Na nyie? Si mafundi wa mnara huu? Mbona hampandi?"

"Tunasubiri mikanda yetu, Mheshimiwa," alisema yule mama. "Imekuwa pungufu miwili."